Nauza Canter 4WD niliyokuwa naigeuza kuwa gari la kulala. Kazi haijaisha, ipo Nkuhungu Dodoma

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili nimekaa nalo tangu Pasaka, leo nimeamua kuliandika. Nauza Canter yangu ya 4WD ambayo nilikuwa naigeuza kuwa gari la kulala safarini. Gari linawaka, linatembea, lina kadi ya jina langu. Nyumba ya nyuma ndiyo haijaisha. Lipo uani kwangu Nkuhungu, Dodoma mjini.

Nitaandika kirefu, mnivumilie. Gari zima mtu anaangalia injini na kadi, basi. Anayenunua kazi iliyoishia njiani anachukua na mawazo ya aliyeianza, na makosa yake pia, kwa hiyo nataka ajue yote kabla hajapanda basi kuja kushukia Nzuguni.

Wazo lilitoka kazini. Nimeendesha magari ya timu za upimaji na utafiti wa miamba miaka 19: Manyoni, Itigi, Rungwa, Chunya, Kondoa, Mpwapwa yote ya milimani. Usiku ulikuwa hema, au turubai juu ya bodi ya lori. Mvua ya Januari ikikukuta kwenye mbuga za Bahi, ule udongo mweusi unameza tairi hadi difu, na mtakaa hapo siku mbili mkilala mmekaa ndani ya kebini. Vichaka vya Itigi navyo vina mbung'o, ukiteremsha kioo tu umeumwa. Miaka yote hiyo nilikuwa najichorea kichwani gari langu: lori dogo linalovuta magurudumu yote manne, chumba kinachofungwa, kitanda, maji, jiko. Mama watoto alikuwa akiniambia nchi hii nimeizunguka bila yeye. Tukapanga nikistaafu tuanzie Kolo kwenye michoro ya miambani, tupande Babati, halafu tuone. Barabara yetu ya Kondoa ni kipande cha ile njia ya Cape hadi Cairo, na wageni wenye magari ya aina hii nimewaona wakipita Dodoma miaka mingi wakiuliza njia ya Iringa. Wao ndio walionionyesha kwamba linawezekana.

Kwa nini nauza. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana akiwa Mpwapwa, tukamleta hapa. Anahitaji chumba cha chini chenye choo humo humo, na mlango wa kupitisha kiti cha magurudumu. Kiwanja changu ni mita 20 kwa 25, na sehemu pekee iliyobaki ni hapo lilipoegeshwa gari. Nataka kuta ziwe zimepanda kabla ya mvua, na kwetu mvua ni mwisho wa Novemba au Desemba. Fedha ya gari ndiyo itajenga. Hakuna sababu nyingine niliyoificha.

GARI. Mitsubishi Canter 4WD, kebini moja, usukani kulia, injini ya 4D33, cc 4,214, haina tabo, pampu ya dizeli ni ya kawaida isiyo na kompyuta. Gia tano, ina hai na loo (gia ya kawaida na ya nguvu), loku za magurudumu ya mbele ni za kuzungusha kwa mkono. Umeme wa volti 24. Japani lilikuwa gari la zimamoto, ndiyo maana lilifika na kilomita chache, sasa lina 43,000 na kidogo. Vipuri vya injini na klachi vinapatikana hata hapa Dodoma. Vya difu ya mbele na loku ni vigumu, vyangu niliagiza Japani nikasubiri miezi miwili. Tairi sita, inchi 16, nyuma ni pacha. Pacha zina shida yake porini, mawe yanakwama katikati, na mchangani za nyuma zinachimba njia mpya badala ya kufuata ya mbele. Nilikusudia kuweka tairi moja moja pana, sikufika huko.

BODI. Ni bodi ya friza, iliwahi kubeba samaki kwenye gari jingine. Kuta zina povu la sentimita 7.5 kati ya ngozi mbili za faiba. Niliichagua baada ya kulala sana kwenye mabati. Dodoma tuko mita 1,100 hivi juu ya bahari, mchana wa Oktoba unachoma na usiku wa Juni na Julai unatetemesha. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana tembe la Kigogo lina ukuta mnene na paa la udongo: mchana unaingia ndani unapoa, usiku unabaki na joto. Povu halitunzi joto kama udongo, ila linalizuia kupita, tena kwa uzito mdogo. Ndani ni mita 3.6 kwa 1.85, urefu wa kwenda juu 1.95. Harufu ya samaki imeisha, niliiosha kwa magadi na siki kisha ikakaa wazi kiangazi kizima. Nje nimepaka krimu. Mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi, mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, kwa hiyo rangi nilichagua kwa sababu hiyo.

KILICHOFANYIKA ndani: kitanda cha watu wawili (fremu ya mninga, chini ni stoo inayofunguka kutokea nje), kabati la jiko la marinbodi (plaiwudi ya kustahimili maji), mlango wa pembeni wenye wavu, madirisha mawili upande wa kushoto, sakafu. Tangi la maji la lita 120 limefungwa katikati ya ekseli, halijaunganishwa. Paneli mbili za sola za wati 250 zipo stoo, hazijafungwa.

KILICHOBAKI: umeme wote wa bodi, mabomba, gesi, choo, dirisha la kulia, tundu la hewa la darini, ngazi, na kubadilisha taarifa za kadi.

Nililipima kwenye mzani wa magari ya mahindi Kibaigwa likiwa kama lilivyo, tangi tupu: kilo 3,860, mbele 1,790 na nyuma 2,070.

Nimetumia milioni 47.5 bila kuhesabu nguvu zangu. Naomba milioni 38. Mazungumzo yapo kwa mtu aliyekuja kuona. Natanguliza shukrani.

Mdau wa Area D

Pole kwa kuuguza, mkuu, Mungu amjalie mama nafuu. Ila kwenye bei naomba tuongee kiume. Canter 4WD ya injini hiyo, kilomita hizo, bila bodi yoyote, naiona milioni 30, 31. Hiyo saba ya juu inatoka wapi wakati kazi haijaisha? Wengine wataona bodi ni kitu cha kuondoa, sio cha kulipia.

Mleta uzi

Ahsante ndugu, swali ni la haki. Nilivyohesabu ni hivi. Gari peke yake na mimi naliweka 31. Juu yake sikuweka nilichotumia, niliweka kile ambacho mnunuzi hatakitafuta tena: bodi ya friza nzima isiyooza sakafu (mimi nilizunguka miezi mitano kuipata), madirisha, paneli, tangi, mbao kavu. Hivyo kwa bei ya leo ni zaidi ya milioni saba. Nguvu zangu na za fundi sikuzitia. Mtu anayetaka kubeba mahindi kweli bodi hii haina thamani kwake, na huyo nitamshauri atafute Canter nyingine.

Mdau wa Dar

Boss, nina mteja wa chesi, yaani gari bila bodi. Milioni 22 keshi, kesho. Bodi unabaki nayo, unamwekea mama hapo hapo uani kama chumba.

Mleta uzi

Nashukuru kwa kufika. Kwa 22 siuzi. Na mama hawezi kulala kwenye bodi ya friza iliyo juu ya matofali, mlango wake ni sentimita 62.

Kijana wa Arusha

Shikamoo mzee. Huku kwetu gereji zinarefusha chesi za Land Cruiser na kuweka paa la kufunguka kila siku, kazi hizi nazijua kidogo. Kwa nini usimalize ndiyo uuze? Likiisha watalii wanaoendesha wenyewe wanakodi magari ya kulala kwa dola. Ungelikodisha miezi kadhaa, linajilipa.

Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Kulimaliza kunataka kama milioni tisa na miezi minne ya mikono yangu. Miezi hiyo ndiyo mama anayosubiri chumba, kwa sasa analala sebuleni na wajukuu wanapita. Kukodisha watalii nako ni biashara yenye leseni yake ya utalii (TALA) na bima yake, siwezi kuiingia kwa mguu mmoja.

Fundi wa Iringa

Mkuu mleta uzi, mimi ni fundi chesi, mwaka wa 16 huu. Umeandika vizuri kuliko matangazo yote niliyosoma humu, lakini jambo moja kubwa umelipita: bodi umeifunga vipi kwenye chesi?

Mleta uzi

Kuna fremu ya chini ya chuma, skwea paipu nzito, niliitengenezesha kwenye gereji moja hapa mjini. Imelazwa juu ya reli za chesi, kati yao kuna mpira, imekazwa na u-bolti nane, nne kila upande. Haijachomelewa kwenye chesi popote, hilo nilikataa. Kwenye lile gari la samaki ilifungwa vivyo hivyo.

Fundi wa Iringa

Kutochomelea umefanya vema, moto unaidhoofisha reli. Lakini nisikilize. Chesi ya lori ni ngazi: reli mbili ndefu na vipandio. Imetengenezwa ijisokote. Tairi la mbele kushoto likipanda jiwe na la nyuma kulia likapanda tuta, springi zinameza kidogo na chesi inameza kinachobaki. Bodi yako ni sanduku, na sanduku halitaki kusokotwa. Ukiyafunga pamoja kwa kukaza pembe zote, mmoja lazima ashindwe. Anaweza kupasuka bodi kwenye kona za milango na madirisha, au bolti zikakatika, au chesi yenyewe ikaota ufa karibu na u-bolti ya kwanza nyuma ya kebini. Lile gari la samaki lilikuwa linatembea lami, ndiyo maana lilidumu.

Wanaotengeneza haya magari kwa ajili ya porini wanakaza fremu ya bodi upande mmoja tu, kwa kawaida nyuma. Mbele wanaweka bolti ndefu zenye springi, ili chesi ikijisokota fremu inyanyuke kidogo kutoka kwenye reli kisha irudi. Au wanaweka pointi tatu zenye pini, kama Unimog nyingi (malori ya Kijerumani ya porini), ambazo chesi yake inajipinda zaidi hata ya hii.

Fanya jaribio. Weka gogo chini ya tairi la mbele kushoto, na jingine chini ya la nyuma kulia, sentimita 25 au 30. Panda taratibu, kisha fungua mlango wa bodi. Mlango utakwambia.

Mdau wa Area D

Hapa ndipo humu ndani napapendea. Tunasubiri majibu.

Mleta uzi

Wakuu, nimefanya leo asubuhi, jirani yangu alisimama kunipigia alama. Magogo ya sentimita 25. Nitaandika nilichokiona bila kupunguza.

Kabla ya kupanda nilipima pembe kwa pembe za fremu ya mlango, zilikuwa sawa. Juu ya magogo zikatofautiana milimita 9. Mlango uligoma, ilibidi niuvute kwa mikono miwili. Kona ya mbele kulia, pale ukuta unapokutana na dari, gundi ya silikoni iliachia, upenyo wa kuingiza sarafu ya shilingi mia. Nilipoliteremsha gari upenyo ukafumba na mlango ukafunguka kama kawaida. Mtu angekuja kuliona hapa uani likiwa limesimama sawa, asingeona lolote, na mimi mwenyewe miaka miwili sikuona.

Chesi nimeipitia na tochi na brashi ya waya kuzunguka u-bolti zote. Haina ufa.

Fundi wa Iringa, nakushukuru sana. Ningemuuzia mtu kitu ambacho kingempasukia Rungwa, na angeniona tapeli wakati sikujua. Kazi ya kubadilisha mfungo wa mbele nimeulizia kwa mafundi wawili hapa, wanasema milioni 1.8 hadi 2.5 pamoja na kunyanyua bodi. Bei nashusha hadi 35.5, na picha za ule upenyo nimeziongeza kwenye uzi, ziko juu pamoja na zile za mwanzo. Naomba asiyesoma hadi hapa asinipigie.

Fundi wa Iringa

Chesi kutokuwa na ufa ndiyo habari kubwa, kaka. Hiyo kona ya bodi inatibika kwa faiba na rezini. Mnunuzi akitaka, fremu uliyonayo haitupwi. Zinaondolewa u-bolti mbili za mbele kila upande, vinawekwa vishikio vya bolti na springi, za nyuma zinabaki. Kisha achomelee visahani vya pembeni kwenye fremu ya bodi, sio kwenye chesi, ili bodi isihame kushoto na kulia inaponyanyuka. Hilo watu husahau.

Dada wa Singida

Shikamoo mzee wangu, na salamu kwa mama mgonjwa.

Mimi ni mfugaji nyuki. Mizinga yangu iko upande wa Itigi, kilomita 40 ndani kutoka lami. Msimu wa maua nakaa huko wiki tatu, nne. Sasa hivi nalala kwenye hema na kukamulia asali kwenye banda la nyasi, na vumbi la pale unalijua. Nimesoma uzi wote mara mbili na nina maswali.

Hiyo faiba ya ndani inaoshwa kwa maji mengi bila kuharibika? Sakafu ina mdomo wa kutoa maji? Sakafu inabeba ndoo 20 za asali za lita 20? Na gesi ulipanga kuiweka wapi, maana mimi nina kijana wangu ninayekuwa naye porini na sitaki hatari ndani ya sanduku lililofungwa?

Kuhusu rangi: umesema krimu kwa ajili ya mbung'o. Nyuki nao hukasirishwa na rangi nyeusi, ndiyo maana sisi tunavaa nyeupe. Hapo uliniita bila kujua.

Mleta uzi

Marahaba mwanangu, salamu zimefika, mama anashukuru.

Faiba inaoshwa, ilitengenezwa kwa ajili ya kuoshwa damu ya samaki. Midomo ya maji ipo miwili kwenye kona za nyuma, mimi niliiziba kwa vizibo vya mpira, sikuiharibu. Sakafu chini ina mbao za kupokea mzigo. Ila piga hesabu ya asali vizuri: ni nzito kuliko maji, lita moja ni kama kilo 1.4. Ndoo 20 za lita 20 ni kilo 560. Ukiongeza tangi la maji kilo 120, watu wawili, mashine ya kukamulia na dizeli, unasogea kilo 5,000. Ziweke ndoo mbele karibu na kebini, usizirundike nyuma ya ekseli, gari litainua pua na usukani utakuwa mwepesi kwenye mchanga.

Gesi uko sahihi kuogopa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inalala sakafuni kama maji na kusubiri cheche. Bodi ya friza haina hata tundu la sindano, kwa hiyo ni mbaya zaidi ya nyumba. Mpango wangu ulikuwa boksi la chuma nje, upande wa kulia chini ya bodi, la mtungi wa kilo 6, lenye matundu chini yake, na bomba la shaba liingie ndani lenye koki. Na chini ya kabati la jiko utobolewe upenyo wa kwenda nje wenye wavu. Na jiko lisiwashwe mkiwa mmelala hata kama ni baridi, hewa itaisha. Tundu la darini usiliache hata ukikosa fedha ya vitu vingine.

Dada wa Singida

Umeme je? Nitahitaji mashine ya kukamulia ya mota ndogo, taa, simu, na friji dogo la dawa za kijana wangu, ana kisukari.

Mleta uzi

Kwa insulini basi tuhesabu kwa umakini, na tusitegemee bahati. Friji dogo la kompresa, kwa joto la Itigi, weka wati-saa 500 kwa siku. Taa na feni 200. Simu na redio 100. Mota ya kukamulia ya wati 200 ukiitumia saa moja na nusu ni 300. Jumla 1,100. Paneli zote mbili ni wati 500, jua letu tuchukue saa 5 nzuri, toa theluthi nzima kwa vumbi, joto na waya: unabaki na kama 1,650. Inatosha, na siku ya mawingu inapungua lakini haizimi. Betri nunua ya lithiamu ya volti 24, ampea-saa 100, hiyo ina karibu wati-saa 2,500 na unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza. Betri za maji ukizishusha chini ya nusu kila siku hazidumu. Volti 24 ni kwa sababu gari lenyewe ni 24, kwa hiyo injini ikiwa inazunguka unaweza kuichaji kupitia kifaa cha kutenganisha betri mbili. Lakini betri ya kuwashia gari isiguswe na friji, iwe mbali kabisa. Porini gari lisipowaka, dawa nayo haifiki.

Mimi ningeweka na kipimajoto ndani ya friji chenye kengele. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa nyuzi 2 hadi 8, na kuganda kunaiharibu sawa na joto.

Muuguzi, Manyoni

Naomba niongezee hapo kwa dada. Vichupa visigusane na ukuta wa friji unaogandisha, viweke kwenye kiboksi katikati. Na uwe na chungu cha udongo kinachopozwa kwa maji kama akiba, kwa siku friji litakapoharibika. Kile kichupa kijana anachotumia sasa kinaweza kukaa nje ya friji wiki nne kwa kawaida joto lisipozidi nyuzi 25 hadi 30, soma karatasi ya dawa yake.

Mdau wa Area D

Dada, na karatasi za gari usizisahau kwa furaha. Angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari kabla ya kutoa hata shilingi. Mkataba kwa wakili, wote wawili na TIN, mwende TRA kuhamisha umiliki siku hiyo hiyo ya malipo. Kadi inasema lori, na bodi imebadilika, kwa hiyo litakaguliwa na polisi wa usalama barabarani ili taarifa zibadilishwe. Usiendeshe mwaka mzima na kadi ya jina la mzee.

Mleta uzi

Kweli tupu. Kadi ninayo mkononi, faini hamna, nimeangalia leo.

Dada wa Singida

Nakuja Alhamisi na fundi wangu. Magogo yawepo, tafadhali.

Mleta uzi

Yatakuwepo.

Mleta uzi

Wakuu, naleta mrejesho maana wengi mmeuliza inboksi.

Dada alifika Alhamisi saa nne asubuhi na fundi wake. Tulilipandisha kwenye magogo mbele yao, mlango ukagoma kama nilivyoandika, fundi akaingiza kucha kwenye ule upenyo. Kisha wakalala chini ya gari saa nzima. Fundi wake aligundua na jambo ambalo sikuwa nimeliona, sili ya difu ya mbele inalia mafuta kidogo upande wa kushoto. Nikatoa laki tano. Tukaafikiana 35. Ijumaa tukaenda kwa wakili, Jumatatu TRA, na uzi naomba mods (wasimamizi) waufunge kwenye matangazo.

Mama watoto alimkabidhi mapazia aliyokuwa ameshayashona ya madirisha mawili, na moja la dirisha ambalo halijatobolewa. Alimwonyesha dada limeandikwa kwa chaki "kulia". Mimi nimempa daftari la vipimo vyote, michoro ya waya na mahali kila boksi la mbao lilipokatwa.

Fundi wa Iringa, ameniambia atapitia kwako kufunga zile springi kabla ya kwenda porini. Mpokee.

Gari liliondoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa jua. Leo mafundi wametandika kamba za msingi, ukuta wa choo umeangukia kwenye alama ya tairi la nyuma kulia. Mama aliomba kiti chake kiwekwe kivulini chini ya mwarobaini awaone wakichimba. Amekaa hadi saa saba, amegoma kuingia ndani kula, tumempelekea pale pale.

Fundi wa Iringa

Limefika kwangu salama. Kazi naianza kesho, nitaweka picha.

Dada wa Singida

Mzee, taa ya kebini haiwaki na fyuzi imeungua. Ilikuwa ya ampea ngapi?

Mleta uzi

Ya 10, mwanangu. Ipo kwenye daftari, ukurasa wa 14. Za akiba nimezifunga kwa gundi nyuma ya jalada.